Faili Mbele ya Projekta (Mambo Ambayo Hatukufundishwa Chuoni, sehemu ya 6)

Kina baba mnaosoma kimyakimya halafu mnawatumia wake zenu, nawajua, karibuni pia.

Niliahidi leo tuongee homa za usiku kwa watoto. Itakuja wiki ijayo, msinikasirikie. Kuna mama mmoja humu ndani, ana mtoto wa miezi minne, ni katibu wa kikoba chao. Mwezi huu wanagawana, na wenzake wamemwambia asome hesabu za mwaka mzima kwa projekta, ukumbini, mbele ya wanachama na waume zao. Akaniandikia inboksi: "Sista, wewe si huwa unatoa mada kwenye semina? Nisaidie, tumbo linaniuma tangu juzi."

Nikaanza kumjibu. Jibu likawa refu. Nikaona siwezi kumjibu kwa ukweli bila kusimulia siku yangu mimi, ambayo kwa muda mrefu sikutaka kuisimulia.

Kabla sijaendelea niseme hivi: mama anayehusika na kisa hiki amekisoma kabla yenu. Nilimpelekea, akakaa nacho siku mbili, akanirudishia na kusema, "Weka, lakini lile usiliseme." Kwa hiyo lile silisemi, na vitu viwili vitatu nimevibadilisha ili asijulikane.

Basi bwana. Wakati ule nilikuwa kituo cha afya, kitengo cha mama na mtoto. Jumanne mganga mfawidhi ananiita: Alhamisi kuna kikao cha halmashauri, wewe utawasilisha kwa niaba yetu. Mada, kwa nini kina mama wetu wachache wanaanza kliniki kabla ya wiki ya 12 ya ujauzito. Dakika 15.

Nilifurahi, kiukweli. Hilo jambo nalijua. Kila siku namuona mama anakuja mara ya kwanza tumbo lina miezi sita, damu imeshuka, presha haijawahi kupimwa. Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linashauri mahudhurio 8, na la kwanza liwe ndani ya hizo wiki 12. Nilikuwa na mengi ya kusema.

Nikatengeneza slaidi 31. Slaidi 31 kwa dakika 15, jamani! Nilidhani wingi ndiyo bidii. Nikachukua jedwali zima la ripoti ya mwaka nikalibandika kama lilivyo, herufi ndogo kama za kwenye karatasi ya dawa.

Usiku wa Jumatano mwanangu alikuwa na mafua, halali, namnyonyesha huku natafuta picha. Nimemaliza saa saba usiku. Kompyuta ni yangu binafsi, ileile watoto wanayoangalizia katuni, na ileile ambayo wiki moja kabla nilikuwa nimeiunganisha na simu yangu ili nijibu meseji kwa kibodi, maana ni haraka zaidi. Na mnajua kina mama wananiandikia nini. Wananiandikia vitu ambavyo hata mama zao wazazi hawajui.

Alhamisi nafika ukumbini. Waya wa projekta yao hauingii kwenye kompyuta yangu. Tukahangaika, mtu akaenda kutafuta kiunganishi ofisi ya pili, dakika kumi zikaisha watu wananitazama. Kilipopatikana, kitu cha kwanza kuonekana ukutani kilikuwa katuni ya mwanangu. Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, jasho linanitiririka mgongoni.

Nikaendelea. Nikafika kama slaidi ya tisa. Pale kona ya chini kulia, ukutani, ukachomoza ujumbe.

Jina lilitokea kama nilivyolihifadhi kwenye simu: jina lake, jina la mtoto wake wa kwanza, na mtaa. Sisi manesi ndivyo tunavyohifadhi, maana kina mama Neema tunao kumi. Na chini ya jina, mstari wa kwanza wa alichoandika.

Ukumbini kulikuwa na watu kama 40. Watendaji wa kata, waganga wafawidhi wa vituo vingine, wajumbe wa kamati. Mmoja wa wale wajumbe ni shemeji yake.

Nikataka kufunga. Mkono unatetemeka. Badala ya kugusa kile kialama cha kufungia, nikagusa katikati ya ule ujumbe. Ukafunguka. Si mstari mmoja tena, ni mazungumzo yetu yote ya siku tatu, ukuta mzima, herufi kubwa kama bango.

Nilisimama tu. Sikujua kitufe hata kimoja. Kijana wa takwimu aliyekuwa amekaa karibu na projekta akanyanyuka, akachukua faili lake la karatasi, lile la kijani la ofisini, akaliweka mbele ya lenzi. Ukuta ukawa giza. Akaniambia taratibu, "Dada, funga polepole, hawaoni."

Hakujua kompyuta kuliko wengine wote mle ndani. Alijua tu kwamba mwanga unazibwa na karatasi.

Nikamaliza mada, hata sijui nilisema nini. Nikamueleza mganga mfawidhi siku ileile, maana jambo kama hilo halifichwi. Jioni nikaenda kwa yule mama. Nilitaka asikie kutoka kwangu kabla hajasikia kisimani.

Nikamwambia yote. Alinyamaza muda mrefu, anachambua mchele. Halafu akauliza, "Shemeji alikuwepo?"

"Alikuwepo."

"Aliona?"

"Sijui."

Mpaka leo hatujui. Shemeji hajawahi kusema neno. Lakini yule mama hakulala usiku ule, na usiku mwingi baada ya hapo, akisubiri aseme. Wiki iliyofuata akachukua kadi yake akahamia kituo kingine. Kwetu alikuwa anatembea kwa miguu dakika kumi. Kule ni daladala mbili, na tumbo la miezi sita. Mtu aliyekuwa anawahi kliniki kuliko wote, mimi ndiye niliyemsogeza mbali na kliniki, siku ileile niliyosimama kuwaambia watu kwa nini kina mama hawaji mapema.

Hilo lilinifanya niende kujifunza. Nilimfuata yule kijana wa takwimu na daftari, nikamwambia nifundishe kama unavyomfundisha mtoto. Haya hapa chini ndiyo niliyoandika kwenye lile daftari, na mengine nimejifunza kwa makosa yangu. Nayatoa kwa mama wa kikoba, na kwa yeyote atakayesimama mbele za watu na kompyuta: mwalimu, katibu wa kamati ya shule, dada anayekwenda kwenye usaili, mama anayeombea biashara yake mkopo. Mengi ni ya kompyuta za Windows na programu ya PowerPoint na Excel, maana ndizo nyingi wetu tunazo.

USIKU WA KABLA

Toka kwenye meseji. Usiishie kupunguza sauti. Kama umeunganisha simu na kompyuta, ikate kabisa hiyo njia. Halafu zima intaneti, iwe ni Wi-Fi au data uliyogawa kutoka kwenye simu. Kompyuta isiyo na intaneti haipokei ujumbe wa mtu. Kama unaihitaji intaneti ukiwa mbele, kwenye Windows 11 bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na N, utaona alama ya kengele, iguse ili taarifa zisichomoze.

Punguza slaidi. Kuna Mmarekani mmoja, Guy Kawasaki, aliyewahi kufanya kazi Apple, ana kanuni rahisi ya kukumbuka: slaidi 10, dakika 20, herufi zisizopungua ukubwa wa 30. Si amri ya Mungu, lakini ukiwa na 31 kama mimi, ujue kuna 20 zinaomba kufutwa.

Jaribu herufi kwa macho ya mtu wa nyuma. Fungua slaidi yako, weka kompyuta juu ya meza, rudi nyuma hatua sita au saba. Unasoma? Kama husomi wewe uliyeiandika, bibi aliyekaa mwisho wa ukumbi atasomaje?

Usibandike jedwali zima. Chagua namba moja unayotaka watu waondoke nayo, iandike kubwa, peke yake. Jedwali lote lichapishe, wape mkononi.

Hifadhi nakala mbili. Moja ya kawaida, nyingine ya PDF. Ukibonyeza F12 kinatokea kidirisha cha kuhifadhi, hapo utachagua aina ya faili. PDF haibadiliki ukifungua kwenye kompyuta ya mtu mwingine, lakini ile ya kawaida inaweza kubadilika: kama kompyuta yao haina aina ya herufi uliyotumia, inaweka nyingine, maneno yanaruka nje ya kisanduku. Weka nakala kwenye flashi, na nyingine ijitumie kwenye barua pepe yako.

Na hifadhi kila baada ya dakika chache, Ctrl na S. Nanyonyesha, nabonyeza Ctrl na S. Mtoto analia, Ctrl na S kwanza, ndiyo ninyanyuke. Umeme ukikatika haukupigii hodi.

UKIFIKA UKUMBINI

Fika mapema, nusu saa angalau. Siku moja kabla, uliza: "Waya wenu wa projekta ni wa aina gani?" Zile za zamani zina waya wa VGA, ule mpana wenye vijisindano na skrubu mbili. Za sasa nyingi ni HDMI, ambao ni bapa kama mdomo wa samaki. Kama kompyuta yako ina tundu moja tu na wao wana waya mwingine, utahitaji kiunganishi. Azima kabla, usitegemee bahati.

Ukishaunganisha, bonyeza kitufe cha Windows na P kwa pamoja. Inakupa chaguo nne: kompyuta tu, vyote vionyeshe kitu kimoja, vyote viwili viwe kama kioo kimoja kirefu, au ukutani tu. Hiyo ya tatu, iliyoandikwa Extend, ndiyo rafiki yako. Watu wanaona slaidi ukutani, wewe kwenye kompyuta yako unaona slaidi, inayofuata, saa, na maelezo yako uliyojiandikia. Na kwa kawaida ujumbe ukichomoza unachomoza kwenye kompyuta yako, si ukutani. Ningekuwa najua hiki kitu kimoja tu siku ile! Mimi nilikuwa kwenye Duplicate, yaani kila nilichokiona, ukumbi mzima ulikiona.

Funga kila kitu usichokihitaji. Picha za familia, katuni, barua pepe, kurasa za intaneti. Picha ya mwanao aliyevua nguo anaoga ni nzuri kwako, lakini isiwe mandhari ya kompyuta siku ya kikao.

UKIWA UMESIMAMA

Andika haya kwenye kikaratasi, kibandike pembeni ya kibodi:

F5: onyesho linaanza slaidi ya kwanza.

Shift na F5: linaanza hapohapo ulipo. Ukitoka kwa bahati mbaya kwenye slaidi ya 7, huna haja ya kuanza moja tena na kuwapitisha watu kwenye salamu zako upya.

B: ukuta unakuwa mweusi. Bonyeza tena, slaidi inarudi. Hiki nakipenda. Ukitaka watu wakuangalie wewe, si ukuta, unabonyeza B. Mimi sasa nikifika mahali pa kusimulia habari ya mama aliyechelewa, nazima ukuta. Watu wanageuza shingo, wananitazama usoni, wanasikia.

W: ukuta unakuwa mweupe. Unasaidia ukumbi ukiwa na giza na mtu anataka kuandika.

Namba halafu Enter: mtu akiuliza, "Turudishe slaidi ya 4," bonyeza 4 kisha Enter. Huna haja ya kurudi moja moja huku watu wanahesabu na wewe. Kwa hiyo chapisha orodha ya slaidi zako na namba zake.

Ctrl, ukiishikilia huku umebonyeza kitufe cha kushoto cha kipanya: inatokea nukta nyekundu, unaonyeshea kama kwa fimbo.

Esc: kutoka.

Lakini nisikilizeni. B inafanya kazi onyesho likiwa limefunguka mbele. Kama kitu kingine kimefunguka juu yake, kama yale mazungumzo yangu, ukibonyeza B utakuwa unaandika herufi b kwenye meseji ya mtu! Na ujumbe uliochomoza pale kona, B haiufuniki. Hapo ndipo faili la karatasi linapookoa. Ziba lenzi kwa sekunde chache, lisikae muda mrefu maana taa ile ni ya moto, au chomoa waya. Ni bora ukuta ubaki bluu dakika moja, watu wanong'one, kuliko siri ya mtu kukaa ukutani sekunde kumi. Aibu ya waya uliochomoka inaisha kwenye chai ya saa nne.

HESABU ZA KIKOBA

Sasa mama katibu, hapa ni kwako. Utakuwa unatumia Excel.

Kwanza, kabla hujagusa chochote, tengeneza nakala ya faili, uipe jina lenye tarehe. Kazi ifanyike kwenye nakala, la asili libaki.

Pili, namba za simu. Ukiandika namba inayoanza na sifuri, Excel inaidhania ni hesabu, inaiondoa sifuri ya mbele. Weka alama ya ' mwanzoni kabla ya sifuri, itabaki.

Tatu, na hii imeniumiza mimi: kupanga majina kwa alfabeti. Niliwahi kuwa na orodha ya watoto wanaotakiwa kurudi kwa chanjo ya surua na rubela ya pili, ile ya miezi 18. Nikachagua safu ya majina peke yake nikapanga A mpaka Z. Kompyuta iliniuliza kitu, sikusoma, nikabonyeza kuendelea. Majina yakahama, namba za simu zikabaki palepale. Nikaanza kupiga. Nampigia mama wa kwanza, namuulizia mtoto ambaye si wake. Wa pili vilevile. Wa tatu akaniambia, "Sista, mimi mwanangu ameshachanjwa, huyo unayemtaja ni wa jirani." Hapo ndipo nilipoamka. Na nilikuwa nimeshahifadhi na kufunga, kwa hiyo hata Ctrl na Z ya kurudisha nyuma haikunisaidia. Ilibidi nikae na rejista ya karatasi siku nzima naandika upya.

Kwa hiyo: chagua jedwali lote kabla ya kupanga. Na Excel ikikuuliza, chagua palipoandikwa Expand the selection, maana yake safu zote ziende pamoja. Fikiria kwenye kikoba, jina la mama mmoja likae kwenye hisa za mwingine, siku ya kugawana. Ndoa za watu, urafiki wa miaka, vyote viko kwenye hicho kibonyezo.

Nne, jumla zako zikutane. Jumlisha kila mwanachama kwa mwaka, upate jumla kuu. Halafu jumlisha kila mwezi kwa wanachama wote, upate jumla kuu. Hizo mbili lazima zilingane hadi shilingi ya mwisho. Zisipolingana usiende kulala ukidhani itajirekebisha.

Tano, siku ya kuonyesha, gandisha mstari wa juu ili vichwa vya safu visipotee ukishuka chini. Ni kwenye View, kisha Freeze Panes. Na ukishikilia Ctrl huku unazungusha kile kigurudumu cha kipanya, maandishi yanakua.

Na la mwisho, hili linatoka moyoni. Jiulize kila safu: hii lazima ionekane na wote? Jumla ya kikundi, ndiyo. Hisa za kila mtu, mnakubaliana wenyewe kwenye katiba yenu. Lakini namba za simu, madeni, na ile safu uliyojiandikia wewe pembeni, "mume hajui kama anaweka", ukutani zinafanya nini? Tengeneza karatasi nyingine ndani ya faili yenye yale tu ya kuonyesha. Kuficha safu hakutoshi ukishatuma faili kwenye kundi, mtu anaifichua kwa kubonyeza mara mbili. Tuma PDF. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata isingekuwepo, siri ya mtu ni ya mtu.

WATOTO NA KOMPYUTA YA KAZI

Najua wengi wetu kompyuta ni moja nyumba nzima. Mfungulie mtoto akaunti yake kwenye kompyuta hiyohiyo, bila nywila yako. Ukinyanyuka kwenda kuepua chungu, bonyeza Windows na L, inajifunga. Sekunde moja tu. Mwanangu aliwahi kufuta aya mbili za ripoti kwa kiganja, na bado natafuta alivyofanya.

Na simu vilevile. Tangu siku ile, kina mama wangu siwahifadhi tena kwa jina na mtaa. Nina namna yangu ya kuwatambua ambayo mtu mwingine akiiona haielewi. Na taarifa za meseji kwenye simu yangu hazionyeshi maneno, zinasema tu kuna ujumbe.

Yule mama alijifungua salama kule alikohamia. Sikuwepo. Niliambiwa na mhudumu wa afya wa mtaani.

Alikuja kwetu mtoto alipofikisha miezi tisa, siku ya surua. Nilimuona kwenye foleni ya mzani, nikashindwa kumtazama. Zamu yake ilipofika akanipa kadi ya mtoto, akakaa, akamfungua shati. Nikachoma sindano, mtoto akalia, akambembeleza. Alipokuwa anaondoka akageuka mlangoni.

"Sista, ile kompyuta siku hizi unaizima?"

"Naizima," nikamwambia.

"Haya. Basi nitakuandikia."

Na aliniandikia, siku tatu baadaye, saa nne usiku, kuhusu homa ya mtoto baada ya chanjo. Sikuwahi kufurahia ujumbe wa usiku namna ile.

Mama katibu, Jumamosi nipo zamu ya asubuhi, sitaweza kuja. Lakini beba maji, nyonyesha kabla hujapanda mbele, kikaratasi chako kiwe pembeni ya kibodi. Na chukua faili la karatasi, lile gumu la ofisini, uliweke karibu na projekta. Huenda usilihitaji, ila liwepo.

Wiki ijayo homa za usiku, naahidi. Mwenye swali aulize hapo chini, na kama swali lenyewe lina siri, niandikie pembeni. Kompyuta imezimwa.